Sauti ya Spika ya Kushoto

Kanda yenyewe hakuna mteja aliyeitaka. Ilifika dukani ndani ya katoni ambayo mwalimu mmoja Mzungu, wale wa kujitolea, alimwachia tajiri wangu alipofunga virago kurudi kwao. Filamu za karate zilizokuwamo zilikodishwa mpaka zikaanza kukwaruza, za mapenzi zikagombaniwa na wauguzi wa hospitali, ikabaki hiyo moja yenye picha ya vijana wa Kizungu wenye nywele za kufika mabegani. Ilikuwa dokumentari ya jinsi bendi yao ya roki ilivyotengeneza albamu moja iliyovuma miaka ya sabini. Tajiri wangu alikuwa Msomali ambaye riziki yake hasa ilitoka kwa mbuzi, na lile duka la kukodisha video pale mjini Machakos alilifungua tu ili chumba kisikae bure. Aliigeuza ile kanda mkononi, akaniambia niiweke rafuni, siku moja atatokea mwehu wa kuiulizia. Mwehu huyo nikawa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimesomea uhazili, nikahitimu mwaka ule ule ambao ofisi za mji wetu zilianza kufunika taipureta kwa vitambaa na kuleta kompyuta, kwa hiyo cheti changu kilikuwa kizuri cha kupangusia meza. Kukaa nyuma ya kaunta kulinichoma. Nilipanga kanda kwa rangi, kesho yake nikazipanga kwa unene, nikagombana na wateja waliorudisha kanda bila kuzirudisha nyuma. Mimi sikuumbwa na subira, na wanaonijua wanajua. Asubuhi moja isiyo na mteja nikaona afadhali Wazungu kuliko ukuta, nikaisukuma ile dokumentari ndani ya mashine.

Muziki wao, nisiseme uongo, haukuniingia. Ulikuwa kama mabati yanayong'olewa kwenye paa. Lakini kulikuwa na sehemu moja. Wale vijana sasa walikuwa wazee, mmoja kipara, mmoja na miwani mizito, wamekaa mbele ya mashine pana yenye vitufe vya kusukuma juu na chini. Mwimbaji wao alikwisha kufa. Kipara akasukuma kitufe kimoja chini, ngoma zikatoweka. Akashusha kingine, besi ikaenda. Akashusha magitaa, moja baada ya lingine, na mwishowe ikabaki sauti ya yule marehemu peke yake, tupu, hata pumzi anayovuta kabla ya neno ikasikika. Yule wa miwani akavua miwani akajipangusa macho kwa kiganja.

Nikarudisha nyuma. Nikaangalia tena. Mteja mmoja aliingia, akaniita, akachoka, akaondoka.

Sasa nieleze kwa nini. Mama yangu hakuwa na sauti. Si kwamba alikuwa mpole, la, mama yangu alikuwa mkali kuliko pilipili, ila alikuwa mkali kwa mnong'ono. Nilipokuwa sijaanza hata kutembea vizuri alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, na ile rovu ilipotoka iliondoka na sauti yake. Madaktari walimwambia itarudi. Haikurudi. Alikuwa fundi wa nguo sokoni, na wateja wake walilazimika kuinamia cherehani kumsikia, hata wapita njia wakadhani kila anayeshonewa sketi anapewa siri. Mimi na mdogo wangu tulilelewa kwa mnong'ono. Tulitandikwa kwa mnong'ono.

Na huyu mama, kabla ya kunizaa, alikuwa ameimba kwenye santuri. Hilo nililijua jinsi mtu anavyojua jina la babu aliyekufa zamani: limetajwa nyumbani, basi. Wasichana watatu wa kijiji cha Kola, yeye mmojawapo, waliitikia kiitikio cha wimbo mmoja wa bendi ya Kikamba, wimbo wa mke anayemwita mumewe aliyekwama Mombasa. Kipindi cha Kikamba redioni kiliupiga mara moja moja. Magitaa yakianza tu, mama alikuwa anaacha alichoshika, anavuka chumba, anazima redio. Alikuwa ameokoka, na mimi nilidhani ni ulokole. Nyimbo za dunia, shetani, mambo hayo. Sikuwahi kuuliza.

Lakini baada ya ile dokumentari sikutulia tena. Nilikuwa nikimwangalia akila, akivuta uzi kwa meno, na kichwani nasema: kumbe sauti yako ipo. Ipo mahali, imekaa chini ya magitaa, na mimi binti yako sijawahi kuisikia hata siku moja, na Mzungu kipara anajua jinsi ya kuitoa. Usingizi ukakatika. Chai ikawa chungu. Mdogo wangu aliniambia nimeanza kutembea nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilianzia kwa fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko, kijana wa maneno mengi aliyejiita daktari wa vyuma. Nikamweleza ninachotaka: ashushe magitaa, aache mama yangu. Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akaniambia wale Wazungu wana ule utepe wa kwanza, kila chombo na njia yake. Santuri ya dukani ni uji uliokwisha kukorogwa, na hakuna fundi duniani wa kuchukua kijiko akatoa sukari. Nilikasirika kana kwamba yeye ndiye aliyeukoroga. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita. Akasema zipo santuri za zamani ambazo wenyewe walikuwa wavivu, au walikuwa wanajaribu ile mitindo mipya ya spika mbili, wakaweka vyombo vyote spika ya kulia na waimbaji wote spika ya kushoto. Kwa hizo, unazungusha tu balansi, kile kitufe cha kuhamisha sauti kutoka spika moja hadi nyingine. Lakini hawezi kujua bila kuiona santuri yenyewe.

Santuri yenyewe sikuwa nayo. Nyumbani haikuwepo, mama alihakikisha. Niliwaza na kuwazua, kisha Jumamosi nikamwomba tajiri ruhusa nikaenda Kola kwa Anti.

Anti si ndugu yetu wa damu. Ni mmoja wa wale wasichana watatu; wa tatu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilimkuta uani anapukuchua mbaazi, na nilipomwambia nilichofuata hakushtuka, alijipangusa mikono tu, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa leso. Santuri ndogo, karatasi yake ya katikati imepauka. Alisema hana mashine ya kuipigia tangu zamani, ila alikuwa anaitoa kila mwaka anaifuta vumbi.

Nikamuuliza sauti ya mama ni ipi, nitaijuaje.

"Tulikuwa watatu na maikrofoni moja," akasema. "Siku hizi mimi mwenyewe nikiusikia redioni sijui mimi ni yupi."

Hilo jibu lilinikata maini. Nikamuuliza basi kwa nini mama anauzima. Akaniangalia kwa namna ya mtu anayepima kama chungu kitahimili moto. Akasema lake analijua, la mwenzake siye wa kulitoa, na kama nataka kujua nina mdomo na mama yangu ana masikio. Nilimbembeleza. Nikanuna. Nikamwambia watu wazima wa nchi hii wanapenda sana kuficha vitu vya upuuzi. Akacheka, akanijazia mfuko wa mbaazi, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nisimseme kwamba ndiye aliyenipa, maana mama angeacha kumsalimia kanisani.

Jumatatu sikufungua duka mpaka nipite kwa fundi. Mashine ya santuri alikuwa nayo, imejaa vumbi, akaipangusa kwa mkono wa shati. Sindano ikashuka. Magitaa yakaja, yale magitaa ya kwetu yanayokimbizana kama mbuzi walioona jani, na sauti ya mwanamume, na kwa mbali, nyuma kabisa, wanawake. Fundi akainua kidole nisubiri. Akazungusha balansi polepole kwenda kushoto, na magitaa yakaondoka.

Yakaondoka, jamani. Yalibaki kama nzi nje ya dirisha. Pale palipokuwa na kelele pakawa na chumba, na ndani ya chumba mwanamume anaimba, mtu anakohoa, kiatu kinagonga sakafu, na wanawake watatu wanaitikia, *syoka, syoka musyi*, rudi, rudi nyumbani.

Lakini Anti alisema kweli. Walikuwa watatu kama kamba iliyosokotwa. Niliegemeza sikio kwenye spika, nikafumba macho, nikachagua moja nikasema ni huyu, wimbo ukaisha nikachagua nyingine. Kwenye ubeti wa pili kulikuwa na mahali ambapo wimbo ulijikwaa, neno likachomoza kabla ya wakati wake. Fundi akasema hapo sindano imeruka, santuri ina mkwaruzo, na akinirekodia kwenye kaseti anaweza kupafuta pasisumbue. Nilimwambia aache, arekodi ilivyo, pande zote mbili, mimi nina haraka. Haraka ya kwenda wapi, akauliza, na kweli sikuwa na pa kwenda.

Wiki nzima nilitembea na ile kaseti mkobani. Niliipiga dukani mpaka tajiri akaniuliza kama nimebadilisha dini. Nilikuwa na sauti tatu na sikuwa na mama. Mtu mmoja tu angeweza kuninyooshea kidole nikajua, na mtu huyo alikuwa anazima redio.

Jumapili, baada ya kanisa, mdogo wangu akiwa amekwenda kwa rafiki zake, mama aliweka makaa kwenye pasi ili amalizie sare za shule alizoahidi watu. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, bomba la maji katikati, na dirisha letu lilikuwa wazi kwa sababu ya moshi. Niliweka kaseti kwenye redio yetu, nikazungusha balansi mpaka mwisho wa kushoto, nikabonyeza. Sikumwambia kitu. Ningeanza kueleza ningeishia kugombana, ninajijua.

Alipotambua ni nini aliiweka pasi kando, taratibu, asije akaunguza sketi ya mtu. Akavuka chumba akazima.

Tukagombana hata hivyo. Kugombana na mtu anayenong'ona ni adhabu, kwa sababu unajisikia wewe peke yako, unapayuka kama mwehu wa sokoni, na majirani wanadhani unamwonea. Alitaka kujua nimeitoa wapi. Nikakataa kusema. Akasema nyumba yake haina wimbo huo. Nikamwambia habari ya Wazungu, kipara na miwani, nikamwambia mtu aliyekufa anasikika anavuta pumzi, na yeye yu hai amekaa mbele yangu na simjui.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "sijawahi kusikia sauti yako."

"Unaisikia sasa."

"Ile ya kwanza. Ni ipi kati ya hizi tatu? Nionyeshe tu, halafu niichome moto hii kaseti mbele yako."

Nikaanza kulia, na mimi kulia silii ovyo. Nadhani hilo ndilo lililomkalisha. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akavuta kitambaa cha kichwa mbele, akanisimulia akiangalia sakafu.

Huko Kola, kwenye ngoma walizokulia, wanaoitikia hawahesabu. Wanamtazama kiongozi. Kiongozi anaimba mpaka ashibe, na akiinua mkono, mnaingia. Ndivyo alivyojua kuimba, na hakujua kwamba kuna namna nyingine. Siku ya kurekodi walipelekwa Nairobi, kwenye chumba ambacho madirisha yake yamezibwa kwa magodoro, joto la kuchemsha yai. Kiongozi wa bendi aliwaambia wasichana wasimtazame yeye, wasikilize gitaa, lizunguke mara mbili ndipo waingie. Wenzake walisikiliza gitaa. Yeye macho yalimshinda. Ubeti wa pili ulipofika, kiongozi, kwa lile joto, akainua mkono kupangusa jasho.

"Nikaingia," mama akasema. "Peke yangu."

Mwenye studio hakutaka kurudia. Bendi nyingine ilikuwa inasubiri mlangoni, utepe ulikuwa umebaki kidogo. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, mbele ya wote, kiongozi alimwambia ameuharibu wimbo milele, kwamba kila nyumba yenye gramafoni kuanzia Machakos hadi Kitui itasikia mtu aliyeingia kabla ya wakati. Hakuitwa tena kuimba. Kola wakapata habari, na kwa muda mrefu vijana wakimwona anapita walikuwa wanainua mkono kujipangusa jasho, halafu wanacheka. Kila wimbo ulipopigwa redioni alijua kwamba nchi nzima inasubiri ubeti wa pili imcheke. Kisha akaolewa, akanizaa, koo likavimba.

"Sauti ilipokwenda watu walinipa pole," akasema. "Mimi moyoni nilisema heri. Haitaharibu kitu tena."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu nisiyemwona kama nilivyomchukia yule kiongozi dakika ile. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Halafu nikatambua kwamba mkwaruzo wa fundi haukuwa mkwaruzo, na hapo hapo nikakumbuka jambo jingine. Huo wimbo nilikuwa nimeusikia redioni, kwa majirani, kwenye maduka, tangu utotoni, na sijawahi kusikia mtu akiingia mapema. Wiki nzima nilikuwa nasikiliza upande wa kushoto tu.

Nikazungusha balansi ikae katikati, kama redio ya mtu yeyote. Nikabonyeza kabla hajanizuia. Magitaa yakaja yote. Ubeti wa kwanza ukapita, ubeti wa pili ukaanza, mama akafumba macho na mabega yakampanda. Pale mahali pakapita. Gitaa la juu lilikuwa limeongezwa nguvu, likapita mbio juu ya neno lake, likalifunika lote. Nikarudisha, nikapiga tena. Hakuna kitu. Magitaa tu, matamu, na kiitikio kikaingia kwa wakati wake.

"Umesikia?" nikamwambia. "Walikufunika. Hakuna aliyekusikia, Mwaitu. Kwa miaka yote hii hakuna hata mtu mmoja aliyesikia."

Nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Nilidhani nimempa zawadi. Nikangoja atabasamu, acheke, amtukane yule kiongozi kwa Kikamba kilichonyooka. Badala yake uso wake ulishuka.

"Hata mmoja?" akauliza.

Nje mtu alifungua bomba, maji yakaanza kugonga karai. Mama akanyoosha mkono kwenye redio yeye mwenyewe, ule mkono wenye alama za sindano kwenye kidole, akazungusha balansi kushoto mpaka ikagoma. Akanipa ishara ya kidevu nirudishe nyuma. Nikarudisha.

Mwanamume akaimba. Kiatu kikagonga sakafu. Halafu, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mtu, msichana akaingia.

*Syoka.*

Neno moja, wenzake wamenyamaza. Haikuwa sauti laini ya kwaya niliyokuwa nimejichagulia kichwani. Ilikuwa pana, kavu, ina haraka, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde na kuitikiwa. Niliijua. Ilikuwa yangu mimi, ile ile ambayo dakika chache kabla majirani walikuwa wameisikia ikipayuka. Nilishika mdomo.

Mama hakunitazama. Alirudisha nyuma mwenyewe, akabonyeza, msichana akaingia tena. Pale bombani karai lilikuwa limejaa na maji yanamwagika, na jirani yetu amesimama ameinua kichwa, anaangalia huku na huku kuona ni nani anayeita. Nikaona mama amemwona. Nikainuka haraka nikafunge dirisha.

Akanishika sketi.

"Acha wazi," akasema. "Ongeza."